Ukoo wa "Gold"

Wifi yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja kwenye mashine kubwa ya kufulia pale hotelini wakati meneja mpya aliposhuka ngazi za chumba cha kufulia na kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu maagizo yote humo ndani yatatolewa kwa Kiingereza. Hoteli ina wageni wa mataifa yote, alisema, na wafanyakazi wake wote lazima wafanane na wageni.

"Wageni gani hao wanaoshuka huku chini kufua?" wifi akamuuliza.

Meneja alitazama maji yaliyokuwa yanasogea karibu na kiatu chake, akageuka, akapanda ngazi.

Haya alinisimulia mwenyewe jioni ileile, amesimama mlangoni mwa chumba changu, mkoba ungali begani. Mimi ni dada wa mumewe. Nafundisha chekechea, na wakati ule nilikuwa nakaa kwao, maana shule yangu ilikuwa mtaa wa pili na kaka yangu, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa hashindi nyumbani zaidi ya siku tatu mfululizo. Basi nyumba ilikuwa ya mawifi wawili. Kama kuna anayedhani mawifi wawili hawawezi kukaa chini ya paa moja bila kurushiana maneno, amedhani sawasawa. Tulirushiana kila siku, na tulipendana.

"Wifi mwalimu," akaniambia, "nifundishe hicho Kiingereza."

"Chote?"

"Cha kunitosha. Usinijazie."

Alikuwa amesoma miaka saba, tena zamani, na alichobakiza kilikuwa salamu na hesabu za mpaka kumi. Lakini kazini walimwita Mama Mvuke, na jina hilo hakulipata bure. Aliweza kusimama mita tano kutoka kwenye mashine, katikati ya joto na kelele, akakwambia maji yamejaa kiasi gani kwa kusikiliza tu. Masikio yale ndiyo niliyopaswa kuanza nayo. Mimi, kwa ujinga wangu, nilianza na kadi za darasani.

Jumapili mchana, yeye akipiga pasi sare zangu na mimi nimekaa kwenye kigoda, nilimpangia kadi juu ya meza. Watoto wangu hujifunza Kiingereza kwa maneno yenye vina: "cat", "hat", "mat", "rat". Nikayasoma moja moja na maana yake. Alinivumilia mpaka la nne.

"Wifi, mimi sina paka, kofia sivai, mkeka wangu umechanika, na panya siwataki. Nipe maneno ya kazini."

Tukaanza upya. Nikampa "sheet", shuka. Akataka ndugu zake. Nikampa "heat", joto, "neat", nadhifu, "feet", miguu, "seat", kiti. Aliyaandika kwenye daftari la kurasa nyingi alilokuwa ameninunulia mimi, akalichukua tena siku hiyohiyo. Kila ukurasa aliuita ukoo. Ukoo wa "sheet". Ukoo wa "thread", yaani uzi, ambao ndani yake mlikuwa na kitanda, kichwa, mkate na rangi nyekundu. Na sheria yake ilikuwa moja: neno haliingii kwenye ukoo mpaka lijieleze. Nikimpa neno bila maana, kalamu ilikaa juu.

Alichokasirikia ni maandishi. Aliposikia "bed" na "said" ni ndugu wa kina kimoja, kisha akaona yalivyoandikwa, aliweka pasi chini.

"Hawa wana mama mmoja, lakini kila mtoto na baba yake," alisema. "Na hili 'receipt' limeweka 'p' ya nini kama haisemwi?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Kwetu kina ni kina. Ukikiona umekisikia. Hawa wanaficha." Akainua pasi tena. "Sawa. Nitawasikiliza, sitawatazama."

Nilimcheka sana siku zile, na leo nasema kwa aibu. Alikuwa akitamka "heat" kwa irabu nyingine mwishoni, nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hakukasirika. Alifunga daftari juu ya kidole chake, akanitazama.

"Cheka umalize," akasema. "Halafu tuendelee."

Baada ya miezi minne alikuwa na koo thelathini na mbili. Alikuwa anazungumza Kiingereza kidogo, kizito, kisicho na madaha, lakini alichokijua alikijua. Wenzake wakawa wanampa yeye simu ya ukutani ikilia, kwa sababu mwingine yeyote angebaki anasema "yes" mpaka mkono umchoke.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya Alhamisi, kabla ya mchana. Kulikuwa na marundo mawili ya mapazia sakafuni. Moja lilikuwa la mapazia makuukuu ya kijani yaliyotolewa kwenye korido, ambayo yalitakiwa yafuliwe kwa maji moto kisha yagawiwe. Jingine lilikuwa la mapazia ya ukumbi mkubwa, ya rangi ya dhahabu, kitambaa kizito chenye nyuzi za kumetameta. Kesho yake ukumbini kulikuwa na mkutano.

Simu ikalia. Alikuwa meneja, anazungumza upesi, nyuma yake sauti za watu wanacheka. Alisema mapazia yafuliwe kwa maji moto, mara moja. Na neno alilotumia kuyataja, wifi alilisikia wazi kuwa "gold".

Alishtuka. Miaka yote kumi na mmoja mapazia ya dhahabu yalifuliwa kwa maji baridi. Basi akauliza, kwa Kiingereza, polepole, kila neno peke yake: "Gold, or old?"

Meneja akapaza sauti kiasi kwamba mfanyakazi mmoja mwenzake wifi, aliyekuwa anakunja foronya upande wa pili wa meza, aliinua kichwa. Alisema: "Do as you are told." Fanya ulivyoambiwa. Simu ikakatwa.

Wifi alibaki ameshika mkono wa simu. Baadaye alinieleza dakika ile ilivyokuwa. "Nilikuwa nayajua yote matatu. 'Gold' ni dhahabu, 'old' ni kuukuu, 'told' ni kuambiwa. Ukoo mmoja, ukurasa mmoja. Nikasema, mwenye hoteli yake kaniambia. Nikafanya nilivyoambiwa."

Mapazia ya ukumbi yalitoka yamesinyaa. Walipoyatundika yaliishia juu ya goti la mtu mzima, yamekunjamana, na ile metameta imegeuka kijivu. Wajumbe walikaa siku nzima na jua usoni.

Ilipofika jioni, hoteli nzima ilikuwa imeshaambiwa kisa kwa mdomo wa meneja: yeye alisema "old", yule mama wa chini akasikia "gold", na hayo ndiyo matokeo ya kuajiri watu wasiojua lugha. Jioni hiyohiyo ya Ijumaa wifi alipewa barua ya kusimamishwa kazi na kufika mbele ya kikao Jumatano. Aliruhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza na shahidi kama anaye.

Shahidi alikuwepo. Yule mkunja foronya kazini wanamwita Redio, kwa sababu hakuna habari inayompita bila kutangazwa. Alikuja nyumbani Jumamosi, akala, akanywa, akaapa. "Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Umeuliza, akakufokea. Nitasema mbele ya yeyote."

Jumatano tulipanda ghorofa ya tatu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji lililofunikwa kwa kitambaa, na feni iliyokuwa inageuka upande mmoja tu. Afisa utumishi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Meneja alikaa kulia kwake. Tulipokuwa bado mlangoni, wifi alinikamata kiwiko.

"Wewe utakaa tu. Ukifungua mdomo, leo si wifi yangu."

"Lakini wakisema kwa Kiingereza cha haraka..."

"Watarudia."

Redio aliitwa kwanza. Aliingia akiwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili. Afisa akamuuliza alisikia nini siku ile. Redio akatazama sakafu, akatazama kiatu cha meneja, akarudi sakafuni.

"Mashine zilikuwa zinanguruma," alisema. "Sikusikia kitu."

Mimi nilianza kuinuka. Wifi alimtazama tu, kama mtu anayetazama doa na kukadiria litatoka au halitoki.

"Haya, mwenzangu," akamwambia. "Rudi kazini, foronya zinakungoja."

Meneja akazungumza, safari hii kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole. Alisema hamlaumu sana. Masikio yana mazoea yake. Kwa mtu ambaye hakukulia kwenye lugha ile, "gold", "old", "cold", yote ni kelele moja, na si haki kumtarajia ayatofautishe. Ndiyo maana anapendekeza atolewe kwenye mashine apewe kazi ya kufagia korido, ambako hakuna la kusikia.

Nikafungua mdomo. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa kisigino, akasimama yeye.

"Dada afisa, naomba nipimwe."

"Upimwe nini?"

"Masikio. Chukua karatasi, andika maneno ya ukoo huohuo, uyasome. Mimi nitasema maana." Akavuta kiti chake, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta. "Kwenye simu sikuona mdomo wa mtu. Na sasa nisiuone."

Meneja alisema hiki ni kikao, si darasa. Afisa alikuwa ameshavaa miwani. Aliandika kidogo, akasoma.

"Cold."

"Baridi."

"Fold."

"Kukunja. Kazi ya huyo aliyetoka sasa hivi."

"Sold."

"Kimeshauzwa."

"Mould."

"Ukungu. Unashika taulo zikiwekwa mbichi. Hilo linaandikwa kivyake, lakini linaimba sawa na wenzake."

Afisa alimtazama mgongo, akaendelea. "Hold" alisema ni kushika. "Bold" ni jasiri. "Old" ni kuukuu, au mzee, inategemea unamsema nani. "Gold" ni dhahabu.

"Scold."

Feni iligeuka, ikarudi. Nilimwona meneja anaegemea kiti, na mimi nilikuwa najua neno lile, limenikaa kwenye ulimi, na ilikuwa kama kisigino bado kiko juu ya mguu wangu, ingawa alikuwa ameshasogea.

"Hilo silijui," wifi akasema. "Maana yake nini?"

"Kukaripia," afisa akajibu.

"Kumbe. Nimelipokea mara nyingi, nilikuwa sina jina lake."

Afisa aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wifi akageuza kiti.

"Umebakiza moja. 'Told'. Kuambiwa. Hilo ndilo bwana meneja alilonijibu nilipomuuliza kama ni 'gold' au 'old'. Sasa mtu asiyeweza kutofautisha maneno mawili, angeulizaje ni lipi kati ya hayo mawili?"

"Nilikuwa na wageni mbele yangu," meneja akasema. "Sikuwa na nafasi ya kujibu maswali."

Kalamu ya afisa ikasimama. "Kwa hiyo uliulizwa."

Meneja akamimina maji, hakuyanywa.

Tukaambiwa tungoje nje. Tulikaa kwenye benchi la korido karibu saa nzima. Afisa alipotoka alikuwa na karatasi moja, imeshapigwa chapa, kwa Kiingereza. Nikaisoma mimi kwanza, mbiombio, na moyo wangu ukatulia. Hafukuzwi. Anarudi kwenye mashine yake Jumatatu. Kilichobaki ni sahihi tu.

"Tia sahihi wifi, twende nyumbani," nikamwambia. "Kazi yako iko palepale."

Aliichukua. Akaisoma kwa kidole, midomo inatembea, neno kwa neno, akirudi nyuma kila alipokwama. Watu walipita na matoroli, lifti ilifunguka na kufungwa. Afisa alisimama akisubiri. Kidole kikafika mstari wa nne, kikagoma.

"Hapa pameandikwa 'failed to follow'," alisema. "'Failed' ni kufeli, hata mtoto wa chekechea ya wifi yangu anajua. Na 'follow' ninayo nyumbani, iko na 'swallow' na 'hollow'. Kufuata, kumeza, na kitu kilicho tupu ndani. Mnataka niseme nilifeli kufuata maagizo."

"Ni lugha ya kawaida ya barua," afisa akasema.

"Mimi sikufeli kufuata. Nilifuata. Kufuata ndiko kulikoharibu mapazia. Hii mmeniandikia niimeze, na ni tupu. Simezi."

"Mama, ukikataa kutia sahihi siwezi kukurudisha Jumatatu."

"Basi Jumatatu sitarudi. Niandikieni ilivyokuwa, kwa Kiswahili, nisome kama mtu, nitatia sahihi hata mara mbili."

Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, na tukashuka kwa ngazi. Njiani nilimwambia mengi ambayo mtu humwambia mtu anayechezea riziki yake. Yeye alikuwa anarudia chini kwa chini, "scold, scold", asije akalisahau kabla ya kufika kwenye daftari.

Wiki tatu alikaa bila kazi. Siku ya kwanza aliandika barua yake mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, tangu simu ilipolia mpaka ilipokatwa. Kuanzia siku ya pili, kila asubuhi alivaa sare yake ya kazi, safi, imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama, akaenda kukaa kwenye benchi la mlango wa wafanyakazi. Hakuzuia mtu wala kupiga kelele. Aliyemuuliza anafanya nini alipewa barua asome. Wapishi waliisoma, bawabu akaisoma, dada wa mapokezi akaisoma mara mbili. Huko chini, waliopewa mashine yake walifurisha maji sakafuni mara nne.

Jumapili ya tatu Redio akaja. Alisimama uani, hakutaka kiti.

"Niliogopa," alisema.

"Nilikuona."

"Nina watoto wanne."

"Nawajua kwa majina." Wifi alikuwa anaanika nguo, hakugeuka. "Umeogopa wiki tatu. Zinatosha. Nipe hicho kibanio."

Redio akampa kibanio, kisha kingine, na wakaanika mpaka beseni likaisha. Jumatatu yake alikwenda mwenyewe ghorofa ya tatu, bila kuitwa, akamwambia afisa alichosikia.

Barua mpya ilitoka Alhamisi, kwa Kiswahili. Ilisema kwamba maagizo yalitolewa kwa simu, kwamba mfanyakazi aliomba yafafanuliwe, kwamba hayakufafanuliwa, na kwamba kuanzia sasa maagizo ya kufua yataandikwa ubaoni na mfanyakazi yeyote ana haki ya kuuliza mpaka aelewe. Wifi aliisoma mara mbili.

"Neno pole halimo," alisema.

"Halimo," afisa akakubali. "Nilijaribu."

"Sawa. Lisilokuwemo halinidai." Akatia sahihi, akaomba nakala.

Sisemi kwamba kila kitu kilinyooka. Meneja alibaki meneja. Usimamizi wa zamu, ambao wifi alikuwa ameahidiwa kabla ya haya yote, alipewa mtu mwingine ambaye hana hata nusu ya miaka yake, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Siku aliyopata habari hizo alikuja nyumbani akafua mapazia yetu yote, ambayo yalikuwa safi. Lakini mashine aliirudia, na mchana, wakati wa mapumziko, wanawake saba hukaa juu ya marundo ya taulo naye, kila mmoja na daftari, wakijenga koo zao. Wananiletea maswali ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Kwa nini "home" na "come" yafanane machoni halafu yasijuane masikioni? Sijui. Nimeacha kuwacheka watu, hilo ndilo ninaloweza kusema.

Kaka yangu alikuwa njiani muda wote huo. Aliporudi alisimuliwa kisa chote mezani, na mimi, na mkewe, kwa zamu, tukikatizana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungetia tu sahihi ile ya kwanza, mke wangu," alisema. "Wiki tatu za bure."

"Hazikuwa za bure."

"Sasa mmepata nini? Bosi ni yuleyule, Kiingereza ni kilekile."

Wifi alimwongezea chakula kwenye sahani, akasogeza kiti chake karibu na meza.

"Siku hizi," alisema, "akinipigia simu ananiambia mara mbili."